Sabuni ya Mwisho wa Masika

Tulimwita Fundi, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua, la baba yake pia, lakini sioni haja ya kuyataja. Uwanja wenyewe wa gofu nao siutaji, na hauko huko mnakofikiria.

Kwanza niwaeleze grini ni nini, maana watu wa mtaani kwetu Kariakoo nikiwaambia nimekula ujana wangu kwenye kazi ya majani, wananicheka. "Majani gani shoga, ya chai?" Grini ni pale penye shimo na bendera, mchezaji anapomalizia kwa kuuviringisha mpira taratibu mpaka uzame. Majani yake hukatwa mafupi mno, ukilaza kiganja unaona kama umeshika zulia. Likitokea baka moja kavu, mpira unapinda, na mwenye mpira anakuja ofisini na maneno yake. Sasa kinacholeta mabaka si jua peke yake. Chini ya grini kuna mchanga, na mchanga ukikaa miaka mingi unajipaka kitu kama nta, unakataa maji. Unamwagilia, maji yanakimbilia pembeni, mizizi inabaki na kiu. Kuna dawa ya kuufanya mchanga ukubali kunywa, ni ya maji, inatoa povu, na sisi tuliiita sabuni. Kuinunua si kazi. Kazi ni kujua lini uipige, na hapo ndipo sifa zote za Fundi zilipotoka.

Alikuwa mtu nadhifu huyo! Asubuhi anashuka kwenye daladala kavaa shati limepigwa pasi, suruali ina mstari, kiatu kinang'aa. Akifika anabadili, anavaa ovaroli na mabuti, anashinda kwenye tope. Jioni anaoga, anarudi kwenye shati lake, huyo kwake Mchafukoge. Majirani zake kule waliamini ni karani wa ofisi fulani ya maana, naye hakuwahi kuwakatalia. Nilipojua hilo nilicheka sana. Siku hizi nikilikumbuka silicheki.

Udongo alikuwa anaupima kwa namna yake. Anachukua kisu, anakata kipande cha grini kirefu kama kidole, anakilaza kwenye kiganja, halafu kwa mrija wa soda anadondosha tone la maji juu ya mchanga na kuanza, "Subhanallah, Subhanallah, Subhanallah." Tone likizama kabla ya tano, udongo mzima. Likifika kumi limekaa tu linakutazama, udongo umeanza ukaidi. Likimaliza thelathini na tatu bado liko pale, anaguna, anakirudisha kipande shimoni na kukikanyaga kwa kisigino. Mimi nilifundishwa hivyo na mpaka leo napima hivyo. Vijana wangu wana simu zenye saa, lakini nawaambia wahesabu kama alivyokuwa akihesabu yeye. Ndiyo hali ya kufundishwa na mtu, huwezi kumtoa mikononi hata ukimchukia.

Na semi alikuwa nazo. "Jua halina rafiki," alikuwa akisema tukichelewa kuanza. "Sabuni kabla ya jua, na maji juu yake papo hapo," kwa sababu ukiiacha juu ya majani jua likaikuta, inaunguza. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa mficha uchi hazai. Mfanyakazi mpya akija anamkalisha juu ya ndoo, anamwambia, "Hapa kwangu uliza. Usichojua uliza. Mficha uchi hazai." Miaka kumi na moja nilimsikia akiisema, na miaka kumi na moja niliamini anaimaanisha.

Nisije nikaonekana namchafua tu. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya wanaume tisa, na wakati ule mwanamke kwenye uwanja kama ule alijulikana kwa kufagia ofisi na kupika chai. Fundi ndiye aliyenitoa jikoni. Alinikuta siku moja nimechutama pembeni ya grini napapasa majani, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, "Shikamoo. Hapa pana joto kuliko pale." Akaja akapapasa mwenyewe. "Marahaba. Kesho usije na kanga, njoo na suruali." Basi, ndivyo nilivyoanza. Wenzangu waligoma kupokea amri yangu, mmoja akasema hawezi kutumwa na mtu wa kumpikia chai. Fundi akawaita wote kwenye banda la mashine, akanishika bega. "Huyu ni mimi nikiwa sipo. Asiyetaka mlango ule pale." Hakuna aliyetoka.

Mama yangu alipofariki, Fundi alikuja msibani siku ya kwanza na lile shati lake, akakunja mikono, akaingia chini ya jeneza pamoja na kaka zangu. Siku tatu alikaa chini ya turubai pale mtaani, anapokea watu kana kwamba msiba ni wake. Shangazi yangu, mwanamke asiyemsifu mtu, aliniambia, "Huyo bosi wako ni baba." Na mimi nilimchukulia ni baba. Baba yangu wa kunizaa simkumbuki vizuri, kwa hiyo nafasi ilikuwapo.

Lakini sasa sikilizeni.

Fundi hakutaka kabisa habari za waganga. Kuna siku tulifukua hirizi kando ya shimo la tisa, bila shaka ya mchezaji aliyetaka kushinda. Wenzangu walirudi nyuma kama wameona nyoka. Yeye akaiokota kwa vidole viwili, akaitupa jalalani, kisha tukapata hotuba nusu saa nzima juu ya ushirikina, mpaka tukachelewa kukata. Mtu wa msikiti kwelikweli. Mtu huyo huyo, kila mwisho wa masika, na tena mwisho wa vuli, alikuwa na jambo lake la ajabu. Mvua bado inadondoka, udongo umelowa chepechepe, hakuna hata jani moja lenye kiu, Fundi anakuja alfajiri ya Jumapili peke yake. Anavaa koti la mvua, anabeba bomba mgongoni, anazunguka grini moja baada ya nyingine anapuliza. Kwenye mvua! Aliyemwona mara ya kwanza ni mlinzi, na mlinzi akaja na jibu lake, "Fundi anazindika uwanja."

Habari ikaenea. Mmoja wetu akaapa amemwona midomo inacheza. Wakasema ndiyo maana grini zake hazikauki wakati viwanja vya wenzake vinageuka rangi ya biskuti. Wakasema bombani mna makombe ya mganga. Wapo waliokuwa hawakanyagi grini Jumatatu ile mpaka Fundi atangulie. Na yeye, mtu aliyetuhubiria nusu saa kwa ajili ya hirizi ya mwenziwe, habari zikimfikia anatabasamu tu na kuendelea kunoa kisu. Hakukataa hata siku moja.

Niliwahi kumuuliza. Si alisema tuulize? Nikamkuta bandani anaosha bomba, nikamwambia, "Fundi, samahani, ile ya mvuani huwa ni nini?"

Hakuniangalia. "Ile ni yangu na Mungu wangu, mwanangu."

Jamani, niliona haya! Nikajihisi nimefungua mlango wa chooni mtu yuko ndani. Nikasema huenda ni nadhiri, huenda ni dua ya wazazi wake, na kuanzia hapo aliyemsengenya Fundi kwa mambo ya uzindiko aligombana na mimi. Niligombana na watu wawili kwa ajili yake. Mmoja mpaka leo hatusalimiani.

Ikafika zamu yake ya kustaafu. Kamati ya uwanja ikasema, kabla hatujatafuta mtu wa nje, huyu mwanamke aliyemlea apewe kiangazi kimoja. Kuanzia katikati ya Mei mpaka Septemba grini ziwe mikononi mwake. Zikivuka salama, cheo ni chake. Mimi usingizi ulinipaa. Si kwa ajili ya mshahara, ingawa mshahara ulikuwa na kazi yake nyumbani. Ni kwamba hapakuwa na mwanamke niliyemsikia, popote Bongo, aliyekuwa mkuu wa grini, na wale wanaume wanane walikuwa wanasubiri nianguke.

Fundi akachukua likizo kwenda kwao mkoani. Siku ya kuondoka mvua za mwisho zilikuwa bado zinanyesha. Alinikabidhi funguo, akanikabidhi na kisu chake cha kupimia udongo, akaniangalia machoni. Nakumbuka maneno yake neno kwa neno. "Ukiona baka la kwanza, ndiyo upige sabuni. Si kabla. Dawa hainywewi kabla ya kuumwa."

"Sawa Fundi."

"Usiwe na pupa, mwanangu."

Sikuwa na pupa. Juni nzima napima kila alfajiri, Subhanallah zangu zikapanda kutoka nne hadi nane, hadi kumi na tano, na mimi nasubiri baka kwa sababu nimeambiwa nisubiri baka. Baka la kwanza likatokea Julai, grini ya nne, dogo kama sahani. Siku hiyo hiyo alfajiri nikapiga sabuni na maji juu yake. Wiki ikapita, baka likawa sinia. Kumbe mchanga ukishakauka kiasi kile, hata sabuni yenyewe unaikataa, inateleza juu kama maji. Mimi sikujua. Nikapiga tena. Mara ya tatu nikaongeza kipimo, na siku hiyo bomba la maji likatuharibikia kabla hatujamaliza kumwagilia. Jua likatoka. Saa nne grini tatu zilikuwa zimeungua, njano, unaona kabisa alama za nilikopita na bomba.

Katibu wa kamati alikuja akasimama, akatazama, akaondoka. Kesho yake wakampigia Fundi simu.

Alirudi Agosti na shati lake la pasi. Tulisimama kwenye grini ya nne, yeye, mimi na watu watano wa kamati. Akachutama, akakata kipande, akadondosha tone, akalitazama tone limekaa. Akatikisa kichwa. Katibu akamuuliza, "Fundi, huyu si ulisema umemfundisha?"

Akasimama, akaniwekea mkono begani, bega lile lile. "Nilimfundisha kila ninachokijua. Labda mkono bado."

Mkono bado! Wakamwongezea yeye miaka mitatu, mimi nikarudi kwenye mashine ya kukatia. Wale wanane walifanya sherehe ya kimya kimya, soda na karanga nyuma ya banda, na harufu ya karanga ikanifikia nilipokuwa. Fundi ndiye aliyekuja kunikalia karibu. Akaniambia nisijali, hata yeye aliwahi kuunguza alipokuwa kijana, hii kazi ina bahati yake. Nikalia mbele yake. Nikamwomba radhi kwa kumwaibisha. Nikamshukuru kwa kurudi kutuokoa. Wallahi nilimshukuru, na hilo la kumshukuru ndilo linaloniuma kuliko cheo.

Zaidi ya mwaka niliishi nikiamini mikono yangu ina kasoro. Hata maua ya mkebe pale dirishani kwetu niliacha kuyamwagilia, nikamwachia shangazi.

Ukweli niliupata Kariakoo, mtaa wa tatu tu kutoka nyumbani, kwenye duka la pembejeo la Mangi. Mangi ni mtu wa Kilimanjaro, kakaa pale tangu nikiwa mtoto, anajua nani kanunua nini na kwa ajili gani. Nilitumwa mbolea. Mvua za vuli zilikuwa zinaelekea ukingoni, maji yamejaa barabarani, wateja wamejibanza barazani.

"Mambo dada? Umemfuatia Fundi madumu yake?" akaniuliza.

"Poa. Madumu gani?"

"Si yale ya sabuni. Mawili. Huwa anakuja mwenyewe kila mvua zikikaribia kuisha, masika na vuli, hajawahi kukosa. Ile masika aliyosafiri tu ndiyo hakuchukua."

Nikamwambia sabuni tunachukua Julai, ya uwanja, kwa karatasi ya ofisi. Akasema hiyo ni nyingine, hii Fundi anachukua yeye na kubeba yeye. Halafu Mangi akacheka, mtu wa watu, hana habari anachonifanyia. "Hata mimi nilimuuliza, sasa Fundi, unaipaka mvua sabuni? Akanifundisha pale pale ulipo. Akasema, Mangi, udongo ukishakauka umeshachelewa. Unampa dawa angali amelowa, ndipo inaingia mpaka chini kwenye mizizi, na kiangazi kinamkuta tayari. Eti ukisubiri baka, unamwosha maiti."

Nilishika meza. Mangi akaniuliza kama nimepungukiwa damu.

Mtume! Muuza duka! Alimwambia muuza duka, mtu asiyejua grini wala gofu, bure, huku anasubiri risiti. Mimi niliyemwita baba, niliyegombana na watu kwa ajili yake, aliniambia ni yake na Mungu wake. Na Mei ile hakunyamaza tu. Kunyamaza ningeweza kumsamehe. Alinitazama machoni akaniambia nisubiri, akijua ninachokisubiri.

Shangazi nilipomsimulia alisema neno moja tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," akaendelea kuchambua mchele. Nilitaka aseme zaidi.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikumvaa siku ile. Nilitaka. Nilipanga maneno njia nzima. Lakini nikamkuta bandani anawaeleza vijana wawili wapya namna ya kunoa kisu, kwa upole ule ule, na ndoo ile ile ya kukalia, na mficha uchi hazai, nikashindwa. Ningesema nini, na nani angeniamini, mwanamke aliyeunguza grini tatu? Jumapili iliyofuata nikaenda uwanjani alfajiri, nikasimama mlango wa banda. Mvua inanyesha. Akatokea na koti lake na bomba. Akaniona. Alisimama kidogo, kisha akanipungia mkono, akaendelea kupuliza. Mwezi ule niliandika barua ya kuacha kazi.

Nikapata uwanja mdogo wa mashimo tisa ng'ambo ya Magogoni. Wenye uwanja hawakuwa na uwezo wa kumlipa mtu mwenye jina, wakanichukua mimi. Mwisho wa masika ya kwanza nikavaa koti la mvua nikabeba bomba. Asubuhi tu mlinzi akawa keshatangaza kwamba mkuu mpya ni mchawi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikawaita wote siku hiyo hiyo, wakata majani, mlinzi, hadi mama anayepika, nikakata kipande cha grini, nikadondosha tone, nikawaambia kwa nini unapiga udongo ungali umelowa. Yule mama wa jikoni ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akasema ni kama kuloweka dagaa, ukichelewa hawarudi. Tangu hapo grini zangu hazijawahi kuona baka, na siku nisipokuwapo yeyote pale anaweza kupiga.

Mwaka huu Fundi aliniita. Alimtuma binti yake wa mwisho, mwanamke mtu mzima ana watoto wawili, akanifuata hadi kivukoni. "Baba anaumwa. Anasema uje, tafadhali."

Nikaenda Mchafukoge. Ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, chini maduka ya vitambaa. Nilimkuta amekaa dirishani na shati la pasi, mguu mmoja umefungwa bandeji, kisukari kimemla vidole. Alikuwa amekonda mpaka kola inamzunguka.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Nasikia habari zako. Wanasema ng'ambo kule kuna grini."

"Zipo."

"Hazikauki."

"Hazikauki."

Akatazama nje. Binti yake akasema anakwenda kuchemsha chai, akatuacha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: alie, aombe radhi, akatae. Miaka yote hiyo nilitaka neno moja tu kutoka kwake, aseme "nilikuficha." Sikutaka cheo tena, cheo ninacho. Nilitaka aseme, nijue kwamba siku zile za turubai hazikuwa za uongo zote.

Hakusema. Alisema, "Huyu binti yangu hoteli aliyokuwa anatunza bustani imefungwa. Ana mkono wa majani, nimemwona. Mchukue kule kwako. Mfundishe kazi." Akavuta pumzi. "Mfundishe yote, mwanangu. Usimfiche kitu."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Usimfiche kitu! Yeye ananiambia mimi! Nikamtazama usoni, nikamjibu polepole, kila neno peke yake.

"Usiwe na wasiwasi, Fundi. Nitamfundisha kama wewe ulivyonifundisha mimi."

Nilikuwa namdanganya. Kwangu hafichwi mtu, hata mlinzi anajua. Lakini nilitaka limwingie, na lilimwingia. Alifumba macho. Chini barabarani mtu anatangaza bei za vitenge kwenye spika. Mkono wake ukawa unatafuta kitu juu ya goti, unakunja kitambaa cha suruali, unakunjua. Alipofumbua macho yalikuwa yamejaa maji.

"Basi usimchukue," akasema. "Nakuomba. Mwache. Usimchukue."

Ndivyo nilivyolipata neno langu, bila yeye kulitamka. Nilidhani nikilipata nitapumua. Badala yake nilikaa pale namtazama mzee ananiogopea mtoto wake, na aliyenifundisha kuogopwa hivyo ni yeye. Binti akaingia na sinia, uso wa furaha, akaketi mbele yangu akidhani tumekwisha kukubaliana.

"Dada, sukari vijiko vingapi?" akaniuliza.

Nikaitazama mikono yake.